Namna nilivyoipata barafu ya halo-halo

Kwa majira mawili ya joto niliambiwa na watu wa kila namna kwamba halo-halo, kitindamlo cha barafu cha Kifilipino, ni kitu chepesi, kwamba mtu husaga barafu, akamimina maziwa, akatupia matunda ya kopo, na kazi ikawa imekwisha. Ushauri huo ulinipotezea maziwa, sukari na Ijumaa zangu nyingi, na kwa kuwa sasa naitengeneza vizuri kiasi cha kuwapa Wafilipino wenyewe wakaomba nyongeza, nimeona ni haki nieleze mambo yalivyokwenda.

Mimi ni mzaliwa wa Paje, Unguja, na makazi yangu ni Satwa, Dubai, katika fleti ninayochangia na mama mmoja wa Kifilipino kutoka jimbo la Pampanga. Sote nyumbani tunamwita Ate, neno la Kitagalogi la kumwitia dada mkubwa, kwa sababu kwao, kama kwetu, mtu aliyekuzidi umri haitwi kwa jina tupu. Ni yeye aliyenionjesha halo-halo kwa mara ya kwanza, katika mgahawa mmoja wa mtaani kwetu, mwezi wa Julai, wakati hata kivuli kilikuwa kinaunguza. Jina lake latokana na neno la kuchanganya, nalo limerudiwa mara mbili kama tusemavyo sisi “changanya-changanya”, na hivyo ndivyo inavyoliwa: chini ya bilauri ndefu kuna maharage yaliyopikwa kwa sukari, ndizi, fenesi, jeli na nyama ya nazi, juu yake kilima cha barafu laini kilichonyweshwa maziwa, na kileleni kipande cha kastadi ya mayai na kiazi kikuu cha zambarau. Mlaji huchimba kwa kijiko kirefu kutoka chini kwenda juu mpaka kila kitu kikutane.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa Sikukuu ya Idi, nilipowaalika jamaa zangu watatu wa Unguja. Nilikuwa nimeambiwa kwa uhakika mkubwa, na mtu ambaye baadaye nilitambua hajawahi kuitengeneza, kwamba blenda yoyote inatosha. Nilijaza vipande vya barafu nusu ya jagi, nikabonyeza, na blenda ikanguruma kwa sauti ya kutisha. Barafu ya chini, iliyokuwa karibu na visu, ikageuka maji mara moja, na ile ya juu ikabaki mapande ya ukubwa wa kokoto yanayorukaruka bila kuguswa. Nikaongeza maji kidogo, kama nilivyoshauriwa, na hapo nikapata uji wa barafu usioshika umbo lolote. Nilipoumwagia maziwa katika bilauri, yalipita katikati ya kokoto moja kwa moja mpaka chini, yakakutana na maji ya sukari ya maharage, na kabla wageni hawajamaliza kusalimiana nilikuwa na bilauri nne za maji ya rangi ya majivu yenye maharage yaliyotuama. Walikunywa kwa adabu. Mimi nilisikitika sana, kwa sababu nilikuwa nimeamka alfajiri kukoroga kile kiazi kikuu.

Mara ya pili nilishauriwa kufunga barafu katika taulo na kuiponda kwa mchi. Sina haja ya kueleza zaidi ya kusema kwamba kokoto ni kokoto, ziwe zimepondwa au zimesagwa.

Ate ndiye aliyenifungua macho, tena kwa kunisimulia habari za kwao. Katika mji wa Guagua, huko Pampanga, kuna halo-halo maarufu yenye vitu vitatu tu, yaani ndizi, makapuno (nazi ya nyama laini) na kastadi, na watu huisifu kuliko zile zenye vitu kumi na viwili, kwa kuwa barafu yake ni laini na maziwa yameenea ndani yake kila mahali. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nahangaikia mapambo na kuliacha jambo lenyewe. Hata historia yaonyesha hivyo: kabla ya Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliohamia Ufilipino walikuwa wakiuza maharage ya sukari juu ya barafu iliyokwanguliwa, na barafu ilikuwa ikipatikana Manila kwa sababu Wamarekani walikuwa wamejenga kiwanda chake huko mwaka 1902. Mengine yote, kuanzia fenesi hadi aiskrimu, yaliongezwa juu ya msingi huo.

Nikanunua mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, kama dirham sitini hivi, ambayo ndani ina wembe uliolala kama wa randa ya seremala. Mfano huo wa randa ndio ninaowapa watu wote wanaoniuliza: unachotafuta ni maranda ya barafu, yale mepesi yanayojikunja, wala si unga na wala si kokoto. Hata hivyo mashine peke yake haikutosha. Nilitoa barafu kwenye friza, nikaifunga ndani, nikazungusha, na kilichotoka kilikuwa chembe kavu zinazokwaruza ulimi. Ate alikuja, akaigusa ile barafu kwa kidole, akasema ni baridi mno na niiache ipumue. Nilidhani amekosea, kwa maana nani ataka barafu isiyo baridi? Lakini alikuwa na haki. Barafu inayotoka moja kwa moja kwenye friza ni ngumu na yenye kuvunjika, kwa hiyo wembe huipasua badala ya kuiranda. Ukiiacha mezani dakika kama kumi, ule ukungu mweupe wa juu huondoka, uso wake ukang'aa kama kioo kilicholowa, na hapo wembe huteleza. Mara ya kwanza nilipoyaona yale maranda yakidondoka bilaurini bila sauti, meupe, yakirundikana kama pamba iliyochambuliwa, nilimwita Ate kutoka chumbani aje ashuhudie.

Jambo la pili nililigundua mwenyewe, na najivunia. Barafu yenye mapovu meupe katikati huvunjika ovyo, kwa hiyo mimi hugandisha maji katika kopo linaloingia kwenye mashine, kopo lenyewe nikiwa nimelizungushia taulo nene pembeni na chini, huku juu likiwa wazi. Maji huanza kuganda kutoka juu polepole, na hewa husukumwa chini. Kesho yake naitoa kabla haijaganda yote, namwaga maji yaliyobaki chini, na ninapata barafu angavu unayoweza kuona vidole vyako kupitia kwayo.

Vitu vya ndani havina shida kubwa, ila kila kimoja kina lake. Maharage mekundu madogo yapikwe yaive kabisa kabla ya kutiwa sukari, kwa kuwa sukari ikitangulia ganda hukakamaa na hata ukiyachemsha mpaka usiku hayalainiki tena. Ndizi zao za saba ni fupi zenye pembe, zanikumbusha bokoboko za nyumbani. Nazichemsha kwa sukari guru na chumvi kidole kimoja mpaka zing'ae. Makapuno, ile nazi ambayo nyama yake hujaa laini kama jeli, nanunua ya chupa katika maduka ya Kifilipino. Baadhi ya jamaa zangu waliifananisha na joya, lakini joya hutokana na nazi iliyoanza kuchipua, na makapuno ni nazi ya aina yake tangu ikiwa mtini. Vyote vya chupa vichujwe maji yake ya sukari na vikae kwenye jokofu pamoja na bilauri zenyewe, kwa sababu kitu chenye joto la jikoni kikiwekwa chini, barafu huanza kufa kabla hujafika mezani. Maziwa yawe yale ya kopo yasiyo na sukari. Wanaomimina maziwa mazito yenye sukari juu ya vitu ambavyo tayari vimepikwa kwa sukari wanaiharibu, na sitabadili kauli hii.

Jeli yake, iitwayo gulaman, ilinigusa moyo. Hutengenezwa kwa mwani, nami nimelelewa kwa mwani: mama yangu alikuwa akiteremka pwani maji yakitoka, akifunga mbegu kwenye kamba za vigingi, na mbegu hiyo iliyoanza kulimwa Unguja mwaka 1989 ililetwa kutoka Ufilipino. Nilipomweleza Ate, alinitazama kwa muda, kisha akaniongezea jeli.

Kilichobaki kilikuwa pinipig, ile punje ya mpunga mchanga wa kunata iliyotwangwa ikawa bapa, ambayo hukaangwa kavu na kunyunyizwa mwisho kabisa ili ilie mdomoni. Dukani ilikuwa imekwisha, na Ate alisema tutumie bisi za mchele za kiamshakinywa. Nilikumbuka kwamba kabatini nilikuwa na mfuko wa pepeta niliotumiwa kutoka Pemba. Pepeta nayo ni mpunga mchanga, hukaangwa na kutwangwa vilevile, ila si wa kunata. Niliirudisha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikiitikisa mpaka ikaanza kutoa harufu ya mchele mpya na kingo zake zikawa za hudhurungi, nikaiacha ipoe na kuinyunyiza juu ya kiazi kikuu.

Ate alichanganya yake taratibu kutoka chini, maziwa yakapanda na zambarau ikashuka. Alikula kijiko cha kwanza bila kusema neno, na cha pili vilevile. Kisha akauliza kama kwenye mfuko ule kumebaki kitu, na nilipompa, aliufunga kwa mpira, akauweka kwenye rafu yake na kuniambia kwamba ndugu yangu yeyote atakayekuja kutoka Pemba asije na chini ya kilo mbili.