Jina Lililokwanguliwa

Machi 2017 nilikuwa London, katika Maktaba ya Uingereza pale St Pancras, nimeinamia tenzi zetu za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kazi yangu ilikuwa ya kuhesabu: mizani, vina, na herufi alizotumia kila mwandishi kwa sauti za "p" na "ch", ambazo Kiarabu hakina. Inaumiza macho. Chakula, koti na kalamu ya wino unaviacha kabatini chini, unapanda na penseli zako ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu.

Meza ya jirani alikaa mzee wa Kihabeshi. Mbele yake, juu ya mito ya sponji, kililazwa kitabu kinene chenye majalada ya mbao na kurasa za ngozi ya mbuzi. Kila akifunua ukurasa napata harufu ya moshi na kitu kama ubani. Ukurasa mmoja ulikuwa na tundu, la tangu ngozi ilipowambwa, na mwandishi hakujali: neno lilianzia upande huu wa tundu likamalizikia upande wa pili. Nilimpenda mwandishi yule papo hapo.

Siku tatu tuliishia kuinamiana vichwa. Siku ya nne nilimkuta uani, karibu na lile sanamu kubwa la Newton, nikamkaribisha mahamri. Akakataa kwa adabu. Yuko kwenye Kwaresima, hali kitu mpaka alasiri. Saa tisa ilipopita alinitafuta mwenyewe. Yana maziwa? Siagi? Mayai? Nikamwambia ni tui la nazi na hiliki, basi. Akala matatu.

Alisomea shule ya kanisa huko Gojjam, Ethiopia. Kige'ez si lugha ya nyumbani kwa mtu yeyote tena, ni ya ibada, na wao watoto walikighani kabla hawajakielewa, kama sisi na msahafu chuoni. Akaniimbia herufi zake: "le, lu, li, la..." Kila konsonanti ina maumbo saba kufuata irabu. Nikamjibu kwa "ba, be, bi, bo, bu" ya darasa la kwanza. Alicheka mpaka wapita njia wakageuka.

Nikamuuliza kitabu kile kilifikaje pale. Kicheko kikaisha. Aprili 1868 jeshi la Uingereza lilivamia ngome ya Maqdala huko kwao Ethiopia. Mfalme Tewodros wa Pili akajiua kuliko kutekwa. Nyara zilibebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200, na miswada zaidi ya 300 ikaishia London. Mwaka 1872 Mfalme Yohannes wa Nne aliandika barua kudai Kebra Nagast, kitabu cha habari za wafalme wao, na nakala moja ikarudishwa. Moja. Ila mzee hakumfanya Tewodros malaika. Vingi kati ya vitabu vile, alisema, mfalme mwenyewe alivizoa kwenye makanisa ya Gondar ili kulipamba kanisa alilotaka kulijenga Maqdala. "Vimeibwa mara mbili," akasema, akijifuta sukari ya mahamri vidoleni.

Tuliporudi juu alinionyesha. Kilikuwa kitabu cha Miujiza ya Maryam. Sijui alifu wala be ya hati ile, lakini jina la Maryam nililitambua bila kufundishwa, maana kila lilipotokea liliandikwa kwa wino mwekundu. Kisha akaweka kidole hewani, bila kugusa, juu ya mstari wa mwisho wa muujiza mmoja. Hapo huwa pana dua: sala zake Maryam ziwe pamoja na mtumishi wake fulani. Huyo fulani ndiye aliyegharamia kitabu. Kitabu kikipata mwenyewe mwingine, jina la kwanza hukwanguliwa kwa kisu na la pili kuandikwa juu yake. Katika hiki kuna sehemu jina lilikuwa limekwanguliwa na hakuna lililowekwa. Ngozi pale ilikuwa nyembamba, imeota vinyweleo kama kitambaa kilichofuliwa sana.

Akaisoma ile dua kwa kunong'ona, midomo tu ikicheza. Alipofika kwenye pengo hakulipita. Alitia neno. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, amemtaja nani.

"Mama," akasema, akafunua ukurasa.

Nikarudi kwenye meza yangu. Utenzi niliokuwa nao, kama zilivyo tenzi nyingi, unamalizia kwa mtungaji kujitaja na kuomba radhi kwa makosa, halafu mnakili naye anatia jina lake na mwaka wa Hijra, anamsihi msomaji amwombee. Beti hizo kwangu zilikuwa hesabu tu. Daftarini nilikuwa nimezipa alama ya "mwisho, za kawaida". Nilirudi kwenye ukurasa ule nikalisoma jina la mnakili, kisha la baba yake, polepole kwa sababu wino ulikuwa umefifia. Nikamsomea Fatiha kimoyomoyo. Mlinzi wa chumba akapita akinitazama, labda kwa kuwa nimefumba macho juu ya mswada.