Milango tisa, upana mmoja

Jumamosi, baada ya isha

Jana usiku nilifungua mchoro wa nyumba ya Mkomani, Lamu, nikitaka kuuchapisha tu nilale. Nilipousogeza karibu nikaona kila mlango una alama nne mahali pa kipimo: ####. Milango tisa, yote hivyo hivyo. Namba zilikuwapo, M1 mpaka M9. Vimo vilikuwapo pia, kwa kuwa nilivipiga kwa mkono. Upana, ambao niliiachia kompyuta iusome yenyewe, haukuwapo hata kwa mlango mmoja.

Naandika leo, kabla sijasahau ni wapi hasa nilipokosea.

Ninachora kwa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo kwa kompyuta. Mlango naufanya bloku: mistari yake pamoja na sifa zake, yaani namba, upana na kimo. Kwenye sifa ya upana sikuandika tarakimu, nilitia fildi, maandishi yanayokwenda kusoma urefu wa kitu fulani ndani ya mchoro na kuuonyesha. Kitu kikirefuka, tarakimu nayo hubadilika. Fildi zimo tangu toleo la 2005, na kwa sisi tunaochora nyumba za kale naziona ni neema, maana vipimo vya nyumba hizi havitulii. Leo unapima ukuta, kesho fundi anabandua lipu ya chokaa, na ule ukuta wa matumbawe umepungua vidole viwili.

Basi nikaanza na yale ambayo kila mtu huanza nayo. REGEN, amri ya kuuchora mchoro upya kwenye skrini. Hakuna kitu. UPDATEFIELD, amri ya kuzisomesha fildi upya, nikachagua mchoro mzima. Alama zikabaki vile vile. Nikatazama FIELDEVAL, mpangilio unaoamua fildi zijisome lini, nikidhani labda kuna siku niliizima. Ilikuwa 31, ambayo ni jumla ya 1, 2, 4, 8 na 16: fildi zijisome upya mchoro unapofunguliwa, unapohifadhiwa, unapochapishwa, unapofungashwa kupelekwa kwingine, na kila ukipiga REGEN. Kwa hiyo kusoma zilikuwa zinasoma. Zilikosa cha kusoma.

Nikabofya sifa ya M4 mara mbili na kuifungua fildi yenyewe. Ndani ya fomula yake mna namba ndefu ya utambulisho. Fildi haijui kwamba iko kwenye M4, haijui chumba wala ukuta. Inajua namba ya kitu kimoja tu, na hicho ndicho inachokitafuta. Nikafungua M5: namba ile ile. M9: ile ile.

Hapo nikaelewa. Nilipoanza kazi nilichora mstari mmoja wa kusaidia kwenye uwazi wa M1, nikaielekeza fildi kwenye mstari huo, kisha nikaunakili mlango mara nane. Kila nakala iliondoka na fildi inayoutazama mstari wa M1. Na jana alasiri, nikiusafisha mchoro kwa nia njema, niliufuta ule mstari.

Mpaka hapo lilikuwa jambo la kurekebisha na kulala. Lakini swali moja lilinikalisha kitini: kama zote tisa zilikuwa zikiusoma mstari mmoja, kabla sijaufuta zilikuwa zinaonyesha nini?

Nikafungua karatasi ya Jumatano, ile niliyompelekea fundi. M1, 1120. M2, 1120. Mpaka M9, 1120. Tarakimu safi, zimepangwa vizuri, hakuna alama yoyote ya kumshtua mtu. Niliitazama karatasi ile siku nzima kabla ya kuituma na sikuona kitu. Zile #### nilizozilaani ndizo zilizoniambia kweli. 1120 ilinidanganya siku tatu nami nikaitia saini.

Sikulala vizuri. Fundi anafanyia kazi mbao za mbambakofi, na mbambakofi si mbao ya kukatia majaribio. Miimo ikikatwa kwa kipimo kisicho chake, hakuna wa kuirudisha.

Leo asubuhi nilikuwa karakanani kwake kabla hajamaliza chai.

"Sabalkheri, Ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Mbona mapema?"

Nikamwambia yote, bila kuficha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa karatasi yangu chini ya randa. Hakuwa amekata hata ubao mmoja. "Niliiona," akasema. "Nikasema, huyu kapima mlango mmoja kaitia nyumba nzima. Nikangoja uje." Sijui nimshukuruje mtu kama huyu. Angeweza kukata, na lawama ingekuwa yangu peke yangu.

Tukaenda wote nyumbani kule. Akanisimamisha kwenye M6, mlango wa kuingilia msana wa ndani, yaani ukumbi mrefu wa ndani, akavuta futi ya chuma juu, karibu na kizingiti cha juu: sentimita 86.8. Akainama. "Ndoo utezame," akasema kwa Kiamu, yaani njoo utazame. Chini: 90.3.

"Sasa, upana wako ni upi? Wa yuu ama wa tini?"

Sikuwa na jibu. Bloku yangu ina sifa moja ya upana. Nilikuwa nimeshughulika kuifanya kompyuta isome sawasawa, na sikuwa nimejiuliza kama kuna upana mmoja wa kusomwa.

Mchana nikaijenga bloku upya. Safari hii nimeingia kwenye kihariri cha bloku na kuupa mlango kigezo cha urefu, nikakiita UPANA, pamoja na kitendo cha kunyoosha. Bloku zinazonyumbuka hivi zilikuja na toleo la 2006, na naona haya kwamba sikuzitumia tangu mwanzo. Kwenye sifa nikatia fildi, lakini badala ya kuielekeza kwenye mstari nikachagua BlockPlaceholder na kile kigezo cha UPANA. Maana yake ni kwamba kila mlango ukiwekwa kwenye mchoro, unajisoma wenyewe. Kihariri hakitaonyesha tarakimu ya kweli, kwa kuwa mlango bado haujawekwa popote, usihangaike nacho. Nikaongeza kizidishio cha 0.1, kwa sababu mimi nachora kwa milimita na futi ya Ami inasoma sentimita. Kosa la sifuri moja nalo huharibu mbao.

Nilitumaini ATTSYNC, amri ya kuzilinganisha sifa za bloku zilizokwisha kuwekwa, itaipeleka fildi mpya kwenye milango ya zamani. Haikuipeleka: huipanga sifa upya, lakini thamani ambayo mlango umekwisha kuibeba huiacha kama ilivyo. Nikafuta yote tisa nikaiweka upya, mmoja mmoja. Kisha nikainyoosha M1 peke yake, nikapiga REGEN, na macho yangu hayakuwa kwenye M1 bali kwa wale wanane wengine. Hakuna aliyetikisika. Nilirudia jaribio hilo kwa M6, halafu kwa M3, ingawa halikuwa la lazima.

UPANA sasa ni wa juu. Wa chini nimeufanyia sifa yake, UPANA WA CHINI, na huo hauna fildi. Nauandika kwa mkono kutoka kwenye daftari, baada ya futi kugusa mawe ya pande zote mbili. M1 mpaka M7 tayari. M8 na M9 ziko juu, kwenye chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo yuko Mokowe mpaka Jumatatu. Kwenye sifa hizo mbili nimeacha wazi. Ami amesema atakuja na futi yake, nami nibebe daftari.