Jambazi Aliyegoma Kukabwa

Binamu yangu aliteremka kwenye treni ya Dar es Salaam akiwa na begi moja la nguo na jingine la karatasi tupu. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na huko hosteli alikuwa ameingizwa kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons. Likizo ile akaapa kwamba hataondoka Kigoma kabla sisi wa mtaa wa Mwanga hatujaujua. Kitabu chenyewe kilikuwa fotokopi ya toleo la 3.5, lile la mwaka 2003: kurasa zaidi ya 300 zilizobanwa kwa waya wa plastiki, Kiingereza mwanzo mwisho, herufi ndogo kama za karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa.

Wazo la mchezo lilinikamata palepale. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ni mhusika ndani ya hadithi. Ukitaka kufanya jambo linaloweza kushindikana, unarusha dadu. Basi. Sisi tuliolelewa kwa paukwa na pakawa tulihitaji kuelezwa nini zaidi?

Mengi, kumbe. Jioni ya kwanza yote ilikwenda kwenye kutengeneza wahusika. Mchezo unataka dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, nasi tulikuwa na ile ya ludo. Ya pande 20 binamu aliitengeneza kwa vikaratasi vyenye namba ndani ya kopo tupu la Blue Band: tikisa, chomoa, soma, rudisha. Kwa nguvu za mwili unarusha dadu ya ludo mara nne, unatupa namba ndogo kuliko zote, unajumlisha zilizobaki. Halafu unarudia hivyo hivyo kwa wepesi, kwa akili, kwa busara, mpaka sifa sita zitimie.

Mdogo wangu alichagua kuwa mchawi. Akaambiwa lazima kila siku aandae mapema uchawi atakaoutumia, na kila akiutumia, unafutika kichwani mwake.

"Kaka, mchawi gani huyo anayesahau?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

Wa tatu wetu alikuwa jirani, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Alikuwa nyumbani kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu, na kwenye mbalamwezi karabai haiwavuti dagaa. Alichukua mpiganaji, akatakiwa aorodheshe mzigo wake kwa paundi. Kamba ya katani ya futi 50 ni paundi 10. Sarafu 50 ni paundi moja. Mtu ambaye kazi yake ni kushusha magunia alimtazama binamu kwa huruma. "Kama nimeweza kuunyanyua, nimeubeba. Andika hivyo."

Jioni iliyofuata hadithi ikaanza, na hapo nakiri binamu ana kipaji. Alituweka kwenye boti la mizigo linalotoka Ujiji usiku, injini inakohoa, taa moja tu, mawese yamemwagika sakafuni hata kusimama ni shida. Mvuvi alimkatiza mara moja, kumsahihisha juu ya upepo. Baada ya hapo hata yeye alinyamaza. Kisha mkono ukashika ukingo wa boti kutoka majini. Mdogo wangu akanishika bega. Jambazi akapanda, panga mkononi.

"Namkaba," mvuvi akasema, tayari ameinuka kwenye kiti. "Namkaba namtupa ziwani."

Binamu akafungua kitabu.

Ikawa hivi. Ukimwendea mwenye silaha ili umkabe, yeye anapata pigo la bure kwanza. Pigo hilo likikujeruhi, kukaba kumeshindikana. Lisipokujeruhi, unachomoa namba kuona kama umemgusa, na hapo vazi lake la vita halihesabiwi. Ukimgusa, wote wawili mnachomoa, kila mmoja anajumlisha uwezo wake wa kushambulia, nguvu zake na ukubwa wa umbo lake. Ukishinda, unaingia kwenye mraba wake, maana tulikuwa pia na miraba ya futi 5 iliyochorwa nyuma ya kalenda, na vizibo vya soda ndio sisi. Kumburuta hadi ukingoni ni kushindana upya, tena kwa nusu ya mwendo wako.

Jambazi alipata pigo lake. Mvuvi akajeruhiwa. "Zamu yako imekwisha," binamu akasema, bado anasoma.

Zamu ya pili ikawa vilevile. Ya tatu alimgusa lakini hakumshika. Chai ilipoa. Baba mdogo, aliyekuwa barazani na bao lake, akaja kuchungulia.

"Nani anaongoza?"

"Hakuna mshindi kwenye mchezo huu, baba mdogo."

"Sasa mnagombana nini?"

Binamu akajitetea. Alituambia mchezo ulianzishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliotoka kwenye michezo ya vita ya askari wa sanamu mezani, ndiyo maana unapima futi na mapigo. Wakati huo ulikuwa vijitabu vitatu tu. (Ningevipata vile vitatu!) Kisha akageukia bao: nyumba, namua, mtaji, takasa, hizo si sheria?

Ni sheria, na ngumu. Bao la kete 64 limewatoa jasho watu wenye akili kuliko sisi. Lakini baba mdogo alizijua kwa kukemewa na wazee akiwa kijana, na tangu hapo mkono wake unakimbia bila kuuliza. Kitabu kile kilitaka kusomwa kila mtu anaponyoosha mkono.

Mvuvi hakungoja hoja iishe. Alitia mkono kwenye kopo, akachomoa. "Kumi na saba. Yuko majini."

"Bado hujashinda shindano la —"

"Yuko majini," mdogo wangu akasema. "Panga limebaki. Nani analichukua?"

Binamu alifunga kitabu, kidole chake kimebaki kwenye ukurasa ule, akaendelea kusimulia hadi karibu usiku wa manane. Katikati ya sentensi alikuwa akikumbuka na kulalamika kwamba jambazi alikuwa bado anadai pigo lake la bure.

"Anipigie hukohuko ziwani," mvuvi akamjibu.