Karatasi za baba tulizimaliza akiwa na akili zake

Baba alianguka msalani alfajiri mwaka 2019, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Mkono na mguu wa kulia vikapooza, ulimi ukawa mzito, lakini akili ilibaki palepale. Hilo ndilo lililotuokoa.

Haikupita muda kila aliyekuja kumjulia hali akawa na ushauri wake, na ushauri mbaya kuliko wote ulitoka kwa watu wanaotupenda kweli. Baba mdogo alinivuta uani akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayemuuguza. Mwambie aiandike nyumba jina lako mapema, kabla kaka zako hawajaamka." Mpaka leo likinijia nakasirika. Mama yangu yuko hai, anaishi ndani ya nyumba ile ile! Sheria ya Ndoa ya 1971 imekataza nyumba ya familia kuuzwa au kutolewa bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na hata isingekataza, ningemtazamaje mama usoni?

Hata hivyo shida ya fedha ilikuwa ya kweli. Nepi za watu wazima, mafuta ya kumkanda, bodaboda ya kwenda kliniki, mshahara wa kijana wa kumnyanyua. Laki tatu kwa mwezi haikutosha, na mwezi mbaya ilifika tano. Pensheni ya ualimu ilikuwa inaingia benki, ila hakuna aliyeweza kuitoa.

Basi nikafanya nililodhani ni rahisi. Nikanunua fomu ya hati ya uwakilishi kwenye duka la vifaa vya ofisi, ile karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kukufanyia mambo yako. Nikaijaza mwenyewe, nikampa baba kalamu mkono wa kushoto. Alijitahidi mpaka jasho likamtoka. Herufi ya kwanza ya jina lake ilipanda juu ya mstari, iliyofuata ikaanguka chini, ya mwisho ikatoka nje ya karatasi na kuchora shuka. Nikaenda nayo benki. Dada wa kaunta akaweka kadi ya sahihi ya zamani kando ya ile karatasi, akaziangalia zote mbili, akanirudishia. Sahihi haifanani, hakuna wakili aliyeishuhudia, ushuru wa stempu haujalipwa. Alisema kweli yote. Nililia kwenye daladala.

Aliyenirudisha njiani ni shehe wetu wa mtaani, nilipokwenda kumuuliza kama baba anaweza kuniachia nyumba kwa wosia. Akanijibu waziwazi: mrithi hausiwi, isipokuwa warithi wenzake waridhie, na kwa asiye mrithi, wosia hauvuki thuluthi ya mali. Hiba, yaani zawadi ya mali, inafaa, lakini ni lazima mali ikabidhiwe mtoaji angali hai, na ikitolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Hizo fedha unazomtolea mzee, ni deni au ni wema?" Katika mirathi hutangulia mazishi, kisha madeni, kisha wosia, ndipo warithi wagawane. Kama unataka zihesabiwe deni, semeni sasa mbele ya mashahidi. Ukinyamaza ni wema, usije kudai makaburini.

Nikaitisha kikao. Kaka mkubwa alitoka Mwanza, mdogo wetu wa kiume na dada yangu walikuwepo, mama na baba mdogo pia. Niliwaambia ninachotoa ni wema, sitadai senti, lakini kuanzia siku ile wote tuchange na kila shilingi iandikwe. Tukakubaliana vyumba viwili vya mbele vipangishwe, na mikataba iseme kodi inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mama. Muhtasari ukaandikwa, wote tukatia sahihi. Usidharau karatasi ya muhtasari.

Sasa ile siku ya wakili, aliyetuandikia hati ya uwakilishi upya. Nasimulia kwa kirefu kwa sababu ndiyo ninayojivunia. Tulimwomba aje nyumbani, saa tatu asubuhi, baada ya chai na kabla ya dawa ya mchana inayomlewesha baba. Asubuhi ile ile daktari alikwisha kumpima na kutuandikia barua yenye tarehe ya siku hiyo, kwamba mgonjwa anaelewa anachoulizwa na ana akili timamu. Wakili akatutoa nje wote, hata mama. Sisi tukabaki barazani, dirisha likiwa wazi, tunasikia na kuona.

Alimsomea baba kila mstari kwa sauti. Kwenye orodha ya mali akasoma, "Shamba la Muheza, michungwa hamsini." Baba akagonga kitanda kwa mkono wa kushoto. Wakili akarudia, baba akagonga tena, akainua vidole viwili. Hamsini na miwili! Mwalimu yule hakuishia hapo. Alitaka aione karatasi yenyewe, akaipitisha macho, akaweka kidole juu ya neno "halimashauri" na hakukiondoa mpaka wakili alipokata ile i. Ndipo akabonyeza dole gumba, na wakili akathibitisha kwa maandishi kwamba amesomewa na ameelewa. Nani angesimama baadaye aseme mzee hakujua alichofanya?

Mamlaka niliyopewa yalikuwa ya pensheni, kodi na matibabu tu, kuuza hapana. Mimi ndiye niliyeomba kuuza kusiwemo. Wakili akanionya kwamba hati ile inakufa siku baba atakapofariki, na akili ikimtoka kabla ya hapo tutalazimika kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake.

Wosia nao akaufanya. Kaka yetu wa pili alifariki akaacha watoto wawili, na kwa kuwa baba zao wakubwa na wadogo, yaani watoto wengine wa kiume wa baba, wako hai, wajukuu wale hawarithi. Baba akawausia sehemu ya shamba, ndani ya thuluthi. Tukaupeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ukahifadhiwe, maana wosia wa chini ya godoro huwa unapotea.

Baba aliishi mpaka 2022, akitutambua hadi wiki ya mwisho. Siku ya pili ya msiba mdogo wangu aliniomba niende benki na ile hati nitoe fedha za khitma. Nilikataa, na nilimweleza kwa upole kwa nini. Tukachangishana.

Mahakama ya Mwanzo ilimteua kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari ukiwa mkononi na hakuna aliyepinga. Mama akapata thumni yake, yaani moja ya nane, na sisi wanne tukagawana kilichobaki, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja. Siku orodha ya mali inasomwa, mzee mmoja wa baraza akauliza shamba la Muheza lina miti mingapi. Mama hakusubiri kaka afungue faili.

"Hamsini na miwili," akasema, na akainua vidole viwili.