Kesi yangu ya kufilisika ilivyotupwa, nikaifufua

Madeni yangu yamefutwa kwa Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika hapa Marekani, na wakili hajaona hata senti yangu. Najisifu, ndiyo, maana wajuaji walinisumbua mno.

Wa kwanza ni mjaza fomu wa kulipwa, ambaye kisheria haruhusiwi hata kutoa ushauri. Akaniambia, "Semina ya ushauri wa mikopo utafanya baadaye, fungua kesi kwanza." Kumbe ni lazima iwe imefanyika ndani ya siku 180 kabla ya kufungua. Jaji akaitupa kesi, ada ya mahakama, dola mia tatu na ushee, ikaenda na maji, na simu za wadai zikarudi.

Mjuaji mwingine akasema, "Fungua nyingine, ni yaleyale." Si yaleyale! Ukifungua ya pili ndani ya mwaka mmoja tangu ya kwanza itupwe, amri ya kuwazuia wadai hukoma baada ya siku 30, isipokuwa mahakama iirefushe, na ombi hilo lisikilizwe kabla siku hizo hazijaisha. Langu niliwasilisha pamoja na kesi yenyewe.

Sasa slipu za mshahara. Zinatakiwa za siku 60 kabla ya kufungua, na zisipofika mahakamani ndani ya siku 45 kesi inaweza kujifuta yenyewe. Slipu yangu moja ilipotea, na mwajiri alishafunga biashara. Shangazi akashauri niandike barua ya kuomba huruma. Huruma ya nini? Nilichukua slipu iliyotangulia na iliyofuata, nikatazama safu ya jumla tangu Januari. Toa ndogo kwenye kubwa, kisha toa malipo ya ile iliyofuata: kinachobaki ni mshahara uliopotea, kodi zake na makato yote. Nikapiga hesabu kwenye karatasi moja, nikaibana na slipu zote mbili. Msimamizi wa kesi akaisoma mara mbili, akauliza nani kanifundisha.

Nakala ya ritani ya kodi imfikie msimamizi huyo siku 7 kabla ya mkutano wa wadai. Mkutanoni uwe na kitambulisho chenye picha na kadi ya Social Security. Kwangu hakuna mdai aliyejitokeza. Semina ya pili, ya kusimamia fedha, usiiache: kesi itafungwa na madeni yabaki palepale.

Yule mjaza fomu alikuwa bado ananidai nusu ya malipo yake. Nilimworodhesha pamoja na wadai wengine.