Jiko lisilo na moshi

Juzi umeme umekatika, simu ina asilimia 30, nikaona bora niimalizie kwenye Sultana's Dream. Hadithi fupi tu. Jamani! Kaiandika Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengali, ikachapishwa Madras, India, mwaka 1905. Na mwenyewe kakulia utawani, Kiingereza kafundishwa usiku na kaka yake.

Humo wanawake ndio wanaoendesha nchi, wanaume wamefungiwa ndani. Wanavuna maji mawinguni kwa puto lenye mabomba, wanasafiri kwa gari la angani, na vita walishinda kwa kummulika adui kwa miale ya jua. Jikoni hakuna moshi wala makaa, wanapikia joto la jua.

Mume wa Rokeya aliisoma yote bila hata kukaa, kisha akasema hiki ni kisasi cha kutisha. Nimecheka peke yangu gizani.

Asubuhi nikamsimulia bibi. Yuko jikoni anapuliza kuni mbichi, macho mekundu, upindo wa kanga kauziba puani. Habari ya wanaume kufungiwa hakuijali kabisa.

"Hilo jiko la jua, maharage linaivisha?"

Nikamwambia maharage hayakutajwa.

"Basi soma vizuri."

Kuna watu ukiwatajia Mwislamu na hadithi za kisayansi wanakutumbulia macho. Bibi yangu, swala tano hazimpiti, hakushangaa hata kidogo.

Mwenye tafsiri ya Kiswahili aje inboksi. Bibi anataka kusomewa.