Takrima si rushwa jamani

Jumamosi nlikuwa kwenye shughuli ya jirani huku Temeke, pilau inashushwa sinia kwa sinia, mzee mmoja akasema hii ndo takrima yenyewe, vijana tukaguna maana sisi tukisikia takrima tunawaza wagombea wanaogawa khanga na vyakula. Mzee akatufungua, neno lina asili ya Kiarabu, mzizi uleule wa karamu, karimu na ukarimu, yani kumheshimu mgeni kwa kumpa kilicho bora. Siasa ndo ikaliharibu, mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Bongo ikaruhusu takrima kwenye kampeni, 2006 Mahakama Kuu ikasema inakiuka katiba, na hapo walitutendea haki kabisa. Ila neno zuri hivi kugeuka jina la hongo inaniuma kweli, mi kadi ya harusi yangu lazima niandike takrima.